Fundo la Bosi

Wifi yangu alikuwa mtu wa kucheka hata akiwa peke yake na mashuka. Miaka kumi na moja alisimama mbele ya mashine ya kupiga pasi, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, na mimi nikikunja kwenye meza ya pili. Leo mkono wake wa kulia umebaki na kidole gumba tu. Aliyesababisha namjua, na simsamehe ng'o!

Mashine ile ina roli mbili za moto, na mbele yake kuna chuma cha usalama. Mkono ukikigusa, roli zinasimama. Tatizo ni kwamba hata shuka lililojikunja hukigusa, na kazi inalala. Ndiyo maana wote tulikuwa tunakifunga kwa kipande cha shuka kuukuu kisisogee. Nani alitufundisha? Bosi mwenyewe. Yule bwana hawezi kuona mtu anafanya kazi polepole. Atakunyang'anya, "Lete hapa!", afanye yeye, kisha aondoke akisonya.

Siku ile wifi alikifunga mwenyewe asubuhi. Saa tano mkono ukaingia pamoja na shuka. Akakisukuma chuma kwa tumbo, kikagoma, mpaka nikakimbia kuzima swichi ya ukutani. Vidole vinne, jamani!

Wifi akamshtaki bosi kudai fidia. Bila haya, naye akaiandikia mahakama kwamba hajawahi kuona chuma kile kimefungwa, kwamba kosa lote ni la wifi, na fidia asipewe hata kidogo. Nilitamani kumng'oa meno. Nikamwambia wifi, "Kana! Sema hukufunga wewe."

"Nilifunga, wifi. Nikidanganya hapo, na la kweli hawataliamini."

Wakili wake naye akasema vivyo hivyo. Akikubali kosa lake, hakimu atakata sehemu hiyo kwenye fidia, lakini sehemu ya bosi itabaki kwa bosi, mradi ithibitike. Nikanuna wiki nzima. Mimi nilitaka yule mshenzi abebe yote. Wifi akaniagiza tu nimtafutie kipande cha shuka kuukuu.

Mahakamani alisema wazi: "Nilifunga mimi. Bosi ndiye aliyenifundisha. Mheshimiwa, naomba nionyeshe."

Akatoa kile kipande, akaanza kukifunga kwenye ukingo wa kizimba kwa mkono wa kushoto na meno. Kikateleza. Akaanza upya, taratibu kabisa, mpaka nikamshangaa, maana nyumbani si mzito hivyo. Nikamtupia jicho bosi. Mguu unamtikisika. Anasonya. Mara ya tatu kipande kikaanguka sakafuni.

"Lete hapa!"

Bosi alishafika. Akakiokota, akazungusha mara mbili, akapitisha chini, akavuta. Fundo likakaa sawasawa. Ndipo akagundua kwamba chumba kizima kinamtazama. Wakili wake mwenyewe alikuwa ameshika kichwa.

"Umesema hujawahi kuona kikifungwa," hakimu akamwambia. "Hili umejifunzia wapi?"

Loo, nilivyosikia raha siku ile!

Hukumu ikatoka: asilimia sabini ya kosa ni ya bosi, thelathini ya wifi, kwa kuwa alijua hatari na bado akafunga. Nje nikaanza kufoka, "Thelathini za nini? Mkono ni wa nani?"

"Ni zangu hizo, wifi. Kila nikiosha uso nazikumbuka," akasema. "Nilizokuwa nazitafuta ni zile zake."

Bosi akatokea mlangoni na wakili wake, kanuna. Wifi akamngoja afike karibu. Kisha akainama mbele yake, akafungua kamba ya kiatu chake mwenyewe na kuifunga tena kwa mkono ule mmoja wa kushoto, chapuchapu, bila hata kuitazama. Macho yalikuwa kwa bosi.

Bosi akaitazama ile kamba, akamtazama wifi, akaelewa. Nilicheka mpaka askari wa mlangoni akanifukuza.