Sahani Yenye Matundu Mawili

Kwao mama, Kisarawe, marehemu huwekewa chombo chake kichwani pa kaburi, sahani au bakuli, kikiwa kimetobolewa kwa msumari ili aliye hai asikitamani. Sahani ya bibi aliitoboa mama mwenyewe. Ilikuwa ya bati, nyeupe, ina jogoo mwekundu katikati. Alipiga huku akilia, tundu la kwanza likaenda kombo pembeni, akapiga la pili.

Sisi wanawe tunaoishi Kibaha, wenye ajira na viwanja vyetu Mkuza, tulimsihi tulijenge lile kaburi kwa saruji, na sahani igandishwe humo. Alitucheka.

"Mwizi wa sahani ya maiti mmemwona wapi?"

Makaburi ya ukoo yalikuwa nyuma ya nyumba ya mawe waliyoiacha Wajerumani. Utotoni mwangu ilikuwa ghala la korosho, na popo walikuwa wengi kuliko magunia. Kila Shaabani tulikwenda kufyeka majani, mama akaifuta ile sahani kwa upindo wa kanga, tukasoma dua, tukarudi. Kisha magoti yakamsaliti, ikapita miaka bila kwenda. Katika miaka hiyo nyumba ikapata mwenyewe, ikapakwa chokaa, ikawa hoteli ya watalii, na duka la vinyago na vikoi mlangoni.

Magoti yalipopata nafuu nilikodi gari nikampeleka. Mlinzi alituuliza kama tunakuja kula au kulala. Mama alisema tumekuja kuzuru. Mlinzi akasema hapo hakuna kuzuru, kuna kula na kulala. Basi tukaingia kula, kwenye ardhi walikolala wazee wetu, kwa hisani ya mlinzi!

Chai ilikuwa haijafika mama aliponishika mkono. Ukuta mzima ulijaa sahani na mabakuli ya zamani, yametundikwa kwa ustadi. Matundu yetu ndiyo yaliyowafaa kutundikia. Jogoo wetu alikuwa ukutani, juu ya meza ya wageni wawili waliokuwa wakila pweza, na pembeni yake lile tundu la kombo.

Meneja aliitwa. Kijana mwenye adabu, nilitamani awe jeuri ili nipate pa kumwagia hasira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile ya jogoo mliiokota wapi?"

"Huko nyuma, mama, tulipokuwa tunasafisha. Zilikuwa nyingi, tukasema tusitupe vitu vya asili. Wageni wanazipenda kweli."

"Huko nyuma wapi? Nionyeshe ilipokuwa."

Alitupeleka. Palikuwa na kokoto na magari yameegeshwa kutoka ukuta hadi ukuta. Alinyoosha mkono huku, akaupeleka kule, akaushusha. Mama alisimama kati ya magari mawili asijue aelekee wapi. Sijapata kumwona vile, hata siku ya msiba wa baba.

Kijana alipoelewa kuwa yale yalikuwa makaburi, alikwenda mwenyewe kuitungua ile sahani, akamletea ndani ya mfuko wa karatasi wa dukani kwao. Mama hakuupokea.

"Irudishe ukutani, mwanangu. Mama yangu sijui yuko wapi tena. Nikiondoka na hiyo, nitakuja kumsomea nani?"

Nilimlaumu njia nzima kurudi Mkuza. Nilimwambia angeichukua, ni haki yake, wale ni wezi. Nadhani hata yeye alikuwa akijilaumu kwa kuikataa ile saruji, nami nikawa namtonesha.

Shaabani ya mwaka huu tulikwenda tena, kula, kama desturi ya pale inavyotaka. Meneja alikuwa mwingine. Ukutani, juu ya ile meza, ulibaki msumari mtupu.

"Ile ya jogoo?" binti wa dukani alisema akitabasamu. "Mgeni mmoja aliipenda mno, mama. Amesafiri nayo kwao."

Niligeuka tuondoke. Mama alivuta kiti, akaagiza chai, akainua viganja akausomea msumari Fatiha.