Ijumaa Ambayo Baba Hakurudi

Harufu ya muhugu haifanani na ya mti mwingine wowote. Ukichongwa ukiwa bado mbichi hutoa harufu tamu, nzito, inayong'ang'ania nywele na nguo hata baada ya kuoga, na nyumba yetu nje kidogo ya Wamunyu ilinukia hivyo mwaka mzima kwa sababu baba alikuwa mchongaji. Alifanyia kazi kwenye kibanda cha mabati kando ya jikoni, miguu ameinyoosha mbele, tezo mkononi, vipande vya mti vikirukia magotini mwake. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee wa baba na mama, nimepewa jina la mama yake baba, Mumbua, na kwa desturi yetu Wakamba hakuniita kwa jina hilo. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na kuitwa hivyo na mtu mzima kulinifanya nijione nina cheo nyumbani.

Likizo ya Agosti mwaka huo ilikuwa ya baridi na vumbi. Baba aliondoka Jumatatu na gunia la vinyago kwenda kuviuza Mombasa, akasema atarudi Ijumaa. Kibandani aliacha twiga mmoja mrefu kunifikia begani, ambaye mwenye duka mmoja wa huko alikuwa amemwagiza. Alikuwa amekwisha kuchongwa, amebaki kupigwa msasa na kung'arishwa. Baba aliniambia neno moja tu kabla ya kwenda, kwamba twiga huyo asiguswe.

Jumatano mama na susu, yaani nyanya yangu, mama yake baba, walikuwa shambani wakichuma mbaazi. Nilibaki peke yangu, nikaamua kucheza kanisa. Nilijifunga leso ya mama mabegani, nikapanda juu ya jiwe la kufulia, nikahubiri. Kuku hawakukaa kusikiliza. Nikaona nimkokote twiga kutoka kibandani awe mshirika wangu, kwa kuwa alikuwa na uso mpole na asingeweza kuondoka. Nilimsimamisha mbele yangu, nikafumba macho kuomba, na nilipotanua mikono kama mchungaji wetu alivyofanya, leso ilimpiga. Alianguka juu ya jiwe. Shingo ilikatika kwa mlio mkavu, mfupi, na kichwa kikabingirika hadi mlangoni mwa jikoni.

Nilivirudisha vipande kibandani, nikaviegemeza ukutani nyuma ya magogo na kuvifunika kwa gunia. Kisha nikapiga magoti pale pale kwenye mabaki ya muhugu. Ni lazima nieleze kwamba mimi sikuwa mtoto wa kuomba kwa mazoea. Wiki mbili kabla ya hapo mbuzi wetu alikuwa amepotea siku nzima, nikamwomba Mungu nyuma ya choo, na nilipoinua kichwa mbuzi alikuwa amesimama akinitazama. Tangu siku hiyo nilijua kwa hakika kwamba nikisema, ninasikiwa. Basi nikasema, "Bwana, baba asirudi Ijumaa. Kwa jina la Yesu, amina." Nikainuka nikiwa na amani, nikaenda kupepeta mahindi.

Ijumaa baba hakurudi. Mama aliweka chakula chake chini ya sufuria, akapiga simu, na yule mwanamke wa kwenye simu akasema mteja hapatikani. Mimi nililala usingizi mzuri. Jumamosi asubuhi mama alipiga tena, akapiga tena, na jibu likawa lile lile. Saa nne hivi jirani yetu alikuja akiwa amefunga kitambaa kichwani vibaya, kama mtu aliyetoka nyumbani mbio. Alikuwa amesikia redioni kwamba basi lililotoka Mombasa Ijumaa mchana lilipinduka barabarani na watu wamekufa. Alilisema jambo hilo akiwa bado amesimama uani, hata kabla hajakaribishwa. Mama aliketi chini kwenye mbaazi alizokuwa akizianika. Hakulia. Alianza kuchambua maganda moja moja, taratibu sana, na mikono yake iliniogopesha kuliko kilio.

Hapo ndipo baridi iliponishuka kutoka shingoni hadi tumboni, na haikutoka kwa siku tatu. Nilikimbilia nyuma ya choo. Nilimwambia Mungu nimeghairi, kwamba sikumaanisha asirudi kabisa, nilitaka achelewe tu. Lakini safari hii nilipoinua kichwa hapakuwa na kitu mbele yangu ila ua wa miiba. Niliwaza kwamba huenda ombi likishapokelewa haliwezi kurudishwa, kama maji yaliyokwisha kumwagika kwenye mchanga.

Kila asubuhi kabla ya uji tulikuwa na maombi ya nyumbani, na kila mtu alisema sentensi yake. Jumapili asubuhi susu aliomba akilia, mama akaomba kwa sauti ndogo isiyotetemeka, kisha wakaningoja mimi. Nilihisi kwamba nikifungua mdomo Mungu atanitambua sauti, ataniuliza mbele yao nataka lipi kati ya maombi yangu mawili. Nilisema amina tu. Baadaye kanisani mama alisimama akaeleza, na kanisa zima likaomba kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake, mpaka mabati yakavuma. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mzito na wa moto, na nilikuwa na hakika ataihisi dhambi yangu kupitia kwenye nywele. Watu wote wale walikuwa wakivuta upande mmoja, nami nilikuwa nimevuta upande wa pili kabla yao, peke yangu, na ombi langu ndilo lililotimia.

Jumatatu mama alifunga, hata maji hakunywa. Mchana nilimkuta chumbani ameitoa kwenye fremu ile picha ya baba ya siku ya harusi yao, akiifunga ndani ya kitambaa. Nilimsikia akimweleza susu kwamba kesho atakwenda mwenyewe kuuliza hospitalini njia nzima hadi Mombasa, na picha itawasaidia watu kumtambua. Susu alimwuliza kama ataanzia wodini au mochari. Mama alikaza fundo la kitambaa. Susu alipotoka nikaingia na kumshika mama mkono wa nguo, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja, twiga, leso, jiwe, gunia, na lile ombi.

Nilingoja kofi, na nadhani ningelipokea kwa shukrani. Badala yake alikaa kitandani, akanivuta nisimame katikati ya magoti yake.

"Mungu si mtoto mwenzako, Mumbua," alisema. "Hafanyi kila anachotumwa."

"Lakini alinisikia."

"Alikusikia. Mimi pia amenisikia. Kusikia si kutii." Alinifuta kamasi kwa leso ile ile. "Sasa usimwombe kitu. Mweleze ulichofanya kama ulivyonieleza mimi, basi."

Nilimweleza Mungu, mama akiwa amenishika mabega. Baridi haikuondoka, ila nilikuwa nayo pamoja na mtu mwingine.

Jumanne alfajiri mama alikwenda kituoni Wamunyu na kile kitambaa chenye picha. Susu nami tulibaki tukianika mbaazi bila kuzungumza. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu nilipomwona mama akirudi kwenye njia ya shamba, akitembea polepole mno, na ubavuni pake mzee amemwegemea. Nilidhani ni mtu ameletwa kutupa habari. Susu ndiye aliyetambua mwendo wa mwanawe. Baba alikuwa ameshuka kwenye gari la Machakos mama akingoja la kwenda huko. Malaria ilimwangusha Mombasa siku ya Alhamisi. Simu ikaibwa akiwa hajitambui, na siku tatu alilala hospitalini bila mtu kujua ni wa nani. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Alininyooshea mkono akaniita mwaitu, nami nilishindwa kumsogelea.

Nilimwonyesha twiga jioni ya siku ya pili. Alikitazama kichwa, akakigeuzageuza, akaniambia nilete msasa. Nilisugua vinyago vyake hadi shule zilipofunguliwa.

Jumapili iliyofuata susu alitoa ushuhuda. Alisema Mungu alimzuia mwanawe Ijumaa ile asipande basi la kifo. Baba alijaribu kumnong'oneza kwamba hata tiketi hakuwa amekata, kwamba hakuna ajuaye angepanda lipi, lakini kanisa lilikuwa limekwisha kupiga makofi na kuimba. Nilichokiomba kwa hofu ya kuchapwa ndicho kile kile walichokuwa wakikishukuru. Mama alinitafuta mkono akaufinya, macho yakiwa mbele. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo, na hajui mtu mwingine mpaka leo.

Mama hayupo tena. Alipougua tuliomba sote, kanisa lile lile, mabati yale yale yakivuma, na nilitumia maneno yangu yote, na hakupona. Sasa ninaishi Syokimau. Mume wangu akisafiri ninaweza kuona kwenye simu amefika wapi, alama ndogo ya buluu ikitambaa barabarani, na bado sipati usingizi mzuri kama ule wa Ijumaa ile. Nikiwa na miaka tisa niliogopa kwa sababu nilijua nimesikiwa. Siku hizi ninapopiga magoti, mara nyingine ninatamani hofu ile. Wiki iliyopita binti yangu aliomba mezani, kwa sauti, akiwa na haraka ya kula, kwamba mwalimu wake wa hesabu asije shuleni kesho yake. Baba yake alicheka. Wote wakasema amina, na mimi nikachelewa kuisema, kisha nikasimama na kwenda jikoni kumwombea mwalimu.