Yustina Aliyefeli Mtihani wa Bata

Yustina alikuwa na mwaka wa tisa akifagia bustani moja ya umma Kinondoni, na katika miaka yote hiyo watu walimuuliza jambo moja tu: choo kiko wapi. Kwa hiyo siku kijana mmoja wa ofisini, Edgar, alipomwamkia na kumuuliza habari za bata wa bwawani, aliuweka ufagio chini kwa furaha.

"Marahaba, mwanangu. Unataka kujua nini?"

"Nimetumwa niwatambue, mama. Kutawekwa kibao. Ofisini wanasema ni bata pori adimu."

Yustina alicheka mpaka akashika kiuno. Bata pori! Yeye amefuga bata tangu mtoto, kwao Newala, na hawa wa bwawani aliwaona wakiletwa mmoja mmoja kwenye maboksi na watu walionunua kitoweo cha sikukuu wakakosa moyo wa kuchinja.

Asubuhi nzima alimzungusha Edgar. Wale wenye vinundu vyekundu usoni, wanaolala juu ya miti, ndio bata wa kila uani. Sauti hawana, wanahema tu. Yule anayesimama wima kama chupa ana damu ya bata wakimbiaji. Na wale weupe, midomo ya njano, ni Pekini.

"Hao Pekini wasikuchanganye," alimwambia. "Anayepiga kelele ndiye jike. Dume sauti yake imekauka, na mkiani ana manyoya yamejikunja."

Edgar akaandika.

Mwezi uliofuata wafanyakazi wote wakaitwa kwenye Semina ya Utambuzi wa Bata. Mkufunzi: Edgar, na tai shingoni. Yote aliyoyasema yalikuwa ya Yustina, isipokuwa pale alipoamua kutumia akili yake: mwenye kelele ni dume, na mwenye urembo mkiani bila shaka ni jike.

Yustina akanyoosha mkono. "Mwanangu, hapo umegeuza."

"Maswali mwishoni, mama."

Mwishoni kulikuwa na soda na picha ya pamoja, kisha mtihani. Yustina alijibu anachokijua, akapata arobaini na tano. Kornelio, mlinzi wa getini, ambaye mpaka siku hiyo aliamini bata mzinga ni mume wa bata, alinakili kila neno la mkufunzi akapata tisini na cheti juu. Yustina aliambiwa atarudia semina. Alirudi kwenye majani yake, na siku hiyo alifagia sehemu moja mara tatu bila kujua.

Basi bosi wa bustani, Bwana Abdulrahman, akatamani mayai ya bata nyumbani kwake Kunduchi. Akamwagiza Edgar amchagulie majike sita ya Pekini. Edgar akachagua kwa kufuata semina.

Wiki ya sita bosi alishindwa kuvumilia. Akampigia Yustina simu ya video, kamera ameielekeza bandani.

"Mama Yustina, hawa bata wanafakamia pumba kama ng'ombe na yai hata moja sijaona. Wana nini?"

Yustina akatazama. Mikia sita, yote imejikunja vizuri.

"Bosi, mie si nilifeli? Muulize Kornelio, ndiye mwenye cheti."

Kornelio akapelekwa Kunduchi kwa gari la ofisi. Akawakagua mmoja mmoja, akashauri waongezewe dagaa.