Salamu Zimefika

Mama yangu alifariki mimi nikiwa China, nimefuata mzigo wa viatu. Duka letu liko Kariakoo, na wenye maduka pale wanaijua safari hiyo: unaondoka na mtaji wote, ukikosea umefilisika. Mjomba, kaka yake mama, akawakusanya ndugu nyumbani Ilala, akaamua nisiambiwe mpaka nimalize kununua. Hoja zake zilikuwa safi. Sisi Waislamu tunazika mapema, nisingewahi maziko hata kama ningepaa. Ningelia hotelini peke yangu, ningeuziwa viatu vibovu, na mama asingefufuka.

Basi nikanunua kwa raha zangu. Nikipiga simu kumuulizia mama, niliyemwacha akiugua, mjomba ananiambia amekunywa uji, amelala. Siku moja nikamwambia anisalimie. Baadaye akaniandikia: salamu zimefika. Mjomba bwana. Watu walikuwa wametoka kumzika.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa hapokei simu yangu. Nilimnunia kweli. Nikasema huyu naye na visirani vyake, zawadi yake nitampa mtu mwingine.

Niliambiwa niliporudi, sebuleni, mabegi yakiwa bado mlangoni. Nilivyolia sitaeleza. Nilipotulia, mjomba akanieleza kwa upole, maana ananipenda na hilo sijawahi kulitilia shaka. Mzigo uko melini. Mama kazikwa vizuri, watu walijaa. Duka halikuyumba.

"Nionyeshe aliyeumia," akasema.

Nikasema mimi.

"Kwani siku zile uliumia? Si ulikuwa hujui?"

Kwa hoja hiyo alikuwa amenishinda. Siku zile nilikuwa nacheka. Niliwatumia hata picha nimevaa kofia ya ajabu ajabu, mama yangu yuko kaburini. Katika hesabu yake na mimi nilikuwa mzigo tu, wa kufikishwa salama. Nilimkasirikia sana.

Nikainuka, nikamfuata mama mdogo jikoni. Ndugu wanamlaumu mpaka leo, eti kwa ukaidi wake nusura nishtuke nikaharibu safari. Alikuwa anachambua mchele. Nikamuuliza kwa nini hakupokea simu.

"Ungeniuliza mama anaendeleaje," akasema. "Ningekujibu nini?"