Mzee wa Kiwanda cha Nguo

Mzee anayetunza kile kiwanda cha zamani cha nguo hapiti kwenye mashine bila kuigusa. Huipangusa kwa kitambaa, kisha huiwekea kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Huongea kwa sauti ya juu hata ukiwa umesimama ubavuni pake, na akicheka huziba mdomo, maana meno ya mbele hana. Siku ile alitutembeza mimi na mjukuu wangu aliyekuja na kamera. "Sogeeni, hii siku hizi haing'ati," alisema, akaiegemea mashine ileile niliyofumia miaka kumi na tisa.

Mjukuu akataka kunipiga picha hapo. Mzee hakubanduka. Nami, na viatu vyangu vipya, nikamwambia mjukuu kwa midomo tu, bila kutoa sauti: "Usimweke huyo mzee, ataniharibia picha na koti lake bovu." Ndivyo tulivyosemezana wafumaji, kwa kuwa kelele za mashine zilimeza maneno, na nyumbani kwangu nimewafundisha wote. Nilijiona mjanja kweli. Mzee alikuwa ananitazama usoni. Alivua koti, akalikunja hadi likawa dogo, akaenda kusimama kando ya nguzo. Kutoka huko naye akanisemesha kwa midomo, bila sauti: "Samahani, dada. Nami nilifuma humu, zamu ya jioni." Nikaelewa kila neno.

"Bibi, cheka basi," mjukuu akasema, kamera tayari jichoni. Nilikosa pa kuuweka uso.