Msuko Ulioganda Juani

Kunzes alikuwa jikoni akichuja mafuta ya kokwa za aprikoti aliposikia kicheko cha mjukuu wake juu ya paa, na mikono yake ikasimama. Bibi harusi hakuwa na kazi juu ya paa. Alipaswa kuwa katika chumba cha ndani, amekaa juu ya ngozi ya kondoo, akingoja kusukwa.

"Padma," alimwita mkwewe, mke wa mwanawe, "mwanao anafanya nini huko juu?"

"Anaongea na simu, Ama. Huku chini mtandao haushiki."

"Kichwa kiko wazi?"

Padma alijifanya anashughulika na vikombe. "Ameosha nywele kidogo asubuhi," alisema hatimaye. "Anasema hawezi kwenda kwa watu ananuka mafuta. Amekwenda kuzikausha juani. Jua si kali leo?"

Kunzes aliweka kitambaa cha kuchujia chini, akatoka bila hata kufuta mikono.

Kulikuwa na wakati, pale kijijini Tarmang, ambapo mwanamke hakulowesha nywele tangu shayiri ya mwisho ipurwe hadi mti wa aprikoti uchanue. Nywele zilioshwa mara moja wakati wa vuli, maji yakiwa bado yanatembea kwenye mifereji. Kisha zikapakwa mafuta ya aprikoti mpaka zikashiba, zikasukwa misuko myembamba, kila mmoja ukafungwa mwisho kwa uzi mweusi wa sufu, na misuko yote ikalazwa mgongoni chini ya ngozi ya mbuzi. Humo ndimo ilimokaa majira yote ya baridi. Ilifunguliwa kando ya jiko tu, ikapakwa mafuta tena, ikarudishwa. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo, kama vile hakuna anayefundishwa kufumba jicho vumbi linapokuja. Siku hizi wasichana wanashuka bondeni kusoma, wanarudi na vifuko vya shampuu na pua zilizokunjika. Nywele zao zikishakuwa kama mabua, ndipo wanakuja kwa Kunzes kuuliza kama ana dawa. Dawa walikuwa nayo nyumbani, wakaicheka.

Na Kunzes hakuwa mtu wa kuchekwa kwa habari ya nywele. Yeye alilipia.

Alikuwa na miaka kumi na saba, siku ya harusi yake, ndoo ilipomponyoka chemchemini na maji yakammwagikia kuanzia utosini. Alifika nyumbani misuko imeganda kama fimbo. Shangazi yake, mama wa haraka, Mungu amsamehe kama amemwona, alimsukumia kwenye moto na kuikamua ile misuko kama mtu anayekamua nguo. Kunzes alisikia mlio wa vijiti vikavu. Misuko saba ilibaki mkononi mwa shangazi. Sasa perak, ile ngozi ndefu iliyoshonewa feruzi, inayoanza kwenye paji la uso na kuteremka hadi kiunoni, haikai kichwani kwa hisani. Inafungwa kwenye nywele. Wakaifunga kwenye singa za mbuzi zilizosukwa upesi upesi. Ukweni, katikati ya ngoma, mbele ya wazee wa vijiji viwili, perak ikateleza na singa za mbuzi zikaanguka sakafuni. Mtu mmoja akasema "Mee!"

Miaka arobaini na minne aliitwa Kunzes Singa. Hata mumewe, akilewa, aliita hivyo. Yeye alianza kuponda kokwa za aprikoti kwenye jiwe, akachonga kitana cha mti wa mjozi, na polepole ikawa hakuna bibi harusi anayetoka Tarmang bila kupita mikononi mwake. Alikwisha wasuka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kupoteza nywele akiwa naye. Lhadol, binti wa mwanawe, alikuwa wa mwisho. Wasichana wengine wa kijiji walikwisha kata nywele mabegani, wanabandika perak kwa pini juu ya kofia, wanapiga picha, basi.

Juu ya paa jua lilikuwa linang'aa sana. Jua la milimani majira ya baridi ni kama mgeni mcheshi: anakuchekea tu, hana alichokuletea. Na kivuli cha mlima kilikwisha kufika nusu ya paa. Lhadol alikuwa amesimama ndani ya kivuli hicho, simu sikioni, hana habari. Alikuwa amesuka nywele zake mbichi msuko mmoja mnene, na msuko huo haukuning'inia. Ulikuwa umekakamaa ukielekea nyuma, umepinda kidogo, mweupe kwa barafu.

"Abi!" Lhadol alicheka. "Njoo umsalimie mchumba wangu, anasema bibi yangu anamtisha."

"Mwambie akae kimya. Na wewe simama hapo hapo. Usigeuze kichwa."

"Kwani kuna nini?" Msichana akapeleka mkono nyuma.

"Usiguse!"

Sauti ile ilimfanya Lhadol ateremshe mkono. Alishagusa kidogo. Uso ukambadilika. "Abi, ni ngumu. Abi, ni kama mti."

"Ni barafu. Barafu haina ubaya ukiiacha. Ubaya ni ukiikunja." Kunzes alijipitisha nyuma yake, akaubeba msuko kwa mikono miwili, kwa chini, kama anavyobebwa mtoto wa siku moja. "Sasa tutashuka. Wewe mbele. Tukifika mlangoni hutainama, utachuchumaa. Umesikia? Mgongo wima, kama mtu anayekwenda haja."

"Abi!"

"Ndiyo, cheka. Ukiinama, kizingiti cha juu kitaupiga huu msuko na utaolewa na singa za mbuzi."

Lhadol hakucheka tena. Ile hadithi aliijua, kila mtu aliijua. Walishuka ngazi hatua moja moja, wakapita mlango mfupi wamechuchumaa wote wawili, na magoti ya Kunzes yakalia kuliko ngazi.

Ndani, Padma alipouona msuko alitupa kikombe. "Ewe mama yangu! Mlete jikoni, mlete karibu na moto!"

"Hapana."

"Ama, watu wa bwana harusi watafika sasa hivi! Kichwa hakijasukwa!"

"Moto utazipasua. Na taulo yako iweke chini, hatukamui mtu hapa."

"Basi tufanye nini, tuzipigie magoti?"

"Tutangoja."

Alimkalisha Lhadol juu ya ngozi ya kondoo, mbali na jiko. Akafungua mshipi wake, akafungua joho, na ule msuko wa barafu akauingiza ndani, akaulaza juu ya tumbo lake mwenyewe, kisha akafunga joho juu yake. Alivuta pumzi kwa nguvu. Baridi ilimwingia mpaka kwenye uti wa mgongo. Wakakaa hivyo, bibi na mjukuu, mgongo wa mmoja kifuani mwa mwingine, karibu na dirisha.

Ndipo honi zikasikika barabarani.

Padma alikimbilia dirishani. "Wamefika! Magari mawili. Ama, wakiingia wakamkuta kichwa wazi ni nuksi! Habari itafika ukweni kabla yake!"

"Hawataingia. Lango limefungwa, wataulizwa maswali kwanza."

"Na nani?"

Mzee Tundup, aliyekuwa akisimama langoni na kuwauliza wapambe wa bwana harusi maswali ya kale kwa wimbo mpaka watoke jasho kwenye theluji, alikufa wakati wa vuli. Alikuwa mlevi na mgomvi, lakini maswali aliyajua yote hamsini, na alipokuwa hai hakuna kijana hata mmoja aliyekwenda kuketi naye. Walisema watamrekodi. Walisema hivyo miaka kumi.

Chini, langoni, alisimama Jigmet, binamu wa bibi harusi, na wenzake watatu wenye miwani ya jua.

"Mmekuja na nini?" Jigmet alipaza sauti.

"Kreti mbili za bia!" alijibu kiongozi wa wapambe, Norphel, dereva wa teksi, mnene, mwenye kofia ya manyoya.

"Ongezeni moja, tufungue!"

Walicheka pande zote mbili. Huo ndio ukawa utamaduni: lango la mababu linafunguliwa kwa kreti tatu. Jigmet alikwisha weka mkono kwenye komeo.

Kunzes alipapasa ndani ya joho. Msuko ulikuwa bado mgumu, ila juu juu umeanza kulowana. Padma alikuwa anasogea na taulo, macho yake yale yale ya shangazi.

"Ama, nipe. Nitakamua polepole."

"Ukiugusa, Padma, mimi na wewe hatutakula chungu kimoja tena. Fungua dirisha."

"Nini?"

"Fungua dirisha!"

Padma akalifungua. Upepo ukaingia. Kunzes akamzungushia Lhadol shuka la sufu, akatoa kichwa nje, na kwa sauti iliyopasuka kama chungu cha zamani, akaimba:

"Enyi mnaogonga! Kizingiti hiki, kabla hakijawa kizingiti, kilikuwa nini?"

Mwanamke haulizi langoni. Haijawahi kuonekana. Jigmet alitazama juu mdomo wazi.

"Abi, tumeshaelewana nao!"

"Ondoa mkono kwenye komeo, Jigmet, kabla sijasema mbele ya wageni nani alikuwa anakojoa kitandani mpaka ana miaka tisa."

Mkono ukaondoka. Wapambe wakacheka, isipokuwa Norphel. Yeye alikuwa anajikuna chini ya kofia. "Kizingiti... kilikuwa mbao?"

"Nenda kalale!"

"Ngoja, bibi, ngoja! Nampigia baba."

Akapanda juu ya gari lake kutafuta mtandao, dereva wa teksi na tumbo lake, simu juu angani. Kunzes akahisi tumbo lake limekufa ganzi. Tone la maji lilimteremkia pajani. Vizuri. Lia, alisema moyoni, lia wewe msuko.

"Baba anasema mti mweupe wa bondeni!" Norphel alipiga kelele. "Na kabla ya hapo kivuli cha ndege! Na kabla ya hapo maji ya theluji!"

"Baba yako ana akili. Mlima wa theluji una mabinti wangapi, na umewaoza wangapi?"

Simu tena. Mtandao ukakatika, Norphel akatukana, akaomba radhi, akapiga upya. Vijana walioshika simu zao kurekodi walianza kurukaruka kwa baridi. "Wako watatu! Mmoja kaolewa na shamba, mmoja na mto! Wa tatu amekataa posa, yuko juu bado, jina lake barafu!"

"Abi," Lhadol alinong'ona, "meno yako yanagongana. Yote umeyajulia wapi?"

"Kwenye nywele za watu. Nilikuwa nasuka, Tundup anaimba nje. Tulia."

Kunzes akajua kuwa yeye mwenyewe alikumbuka maswali matatu tu. Hamsini yalipita masikioni mwake, yakabaki matatu. Alipapasa tena. Katikati ya msuko, pale unene ulipo, palikuwa na fundo gumu bado. Padma alikuwa amesimama na taulo, analia bila sauti. Hakuna la kufanya.

"La mwisho!" aliimba, na akalivuta neno refu kadiri pumzi ilivyoweza. "Mmekuja kuchukua. Pengo mtakaloliacha, mtalijaza na nini?"

Norphel akauliza simu. Akasikiliza. Akauliza tena. Akateremka garini polepole, akavua kofia yake ya manyoya, na kipara chake kikafuka mvuke kwenye baridi.

"Bibi," alisema, "baba amenyamaza. Nadhani amelia. Hana jibu."

Kunzes alimwacha asimame hivyo, kichwa wazi, mpaka kule ndani ya joho fundo likalegea, likateleza, msuko ukamlalia tumboni kama samaki aliye hai.

"Jibu lake ni kunyamaza," alisema. "Umejibu. Jigmet, wape kwanza pombe ya shayiri hapo hapo nje. Vikombe vitatu kila mmoja, ndiyo desturi. Ndipo ufungue."

Aliutoa msuko, akaufungua kwa vidole bila kitana, akaupangusa kwa sufu, akaushibisha mafuta. Padma alishika upande mmoja, mikono yake sasa mitiifu. Misuko myembamba ikatoka mmoja baada ya mwingine. Perak ilipanda kichwani na nyuzi zake zikafungwa, Kunzes akavuta kila fundo mara mbili. Haikutikisika. Kwenye kiganja chake palibaki kishungi kimoja cha nywele zilizokatika, chembamba kama kidole cha mwisho cha mtoto. Alikipenyeza kwenye ufa wa ukuta, mahali ambapo misuko yake mwenyewe saba, aliyokuja nayo kutoka kwao, ilikuwa imekaa miaka arobaini na minne.

Wapambe wakaingia, wakamkuta bibi harusi amekaa.

Bibi harusi akishatoka hageuki nyuma. Lhadol alitembea hadi garini, feruzi zikimteremka mgongoni, mama yake akilia mlangoni. Akasimama kwenye mlango wa gari. Kichwa hakikugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuja nyuma, kiganja wazi, ukangoja.

Ilimchukua Kunzes muda kuelewa. Kisha akarudi jikoni akikimbia kwa magoti yake mabovu, akaleta chupa ya mafuta, akaiweka katika kile kiganja.

"Mpaka mti wa aprikoti uchanue," alisema. "Usizioshe kabla."

Vidole vikafumba.