Vipimo vya Baba Muema

Nzisa wa mtaa wa Kabiria, fundi wa gauni za harusi, alikuwa na sheria moja ambayo haikupindwa na mteja yeyote, hata aje na dereva: hakati kitambaa kabla hajampima mtu kwa mkono wake, na vipimo vikishapita miezi sita, hivyo ni vya kutupa. "Mwili wa mtu haukai pahali pamoja," aliwaambia mabibi harusi waliopanda ngazi hadi dukani mwake mtaani Hurlingham. "Shida inapunguza, raha inaongeza. Rudi nikupime." Kila mmoja alipimwa mara tatu. Wale wa Karen, mtaa wa matajiri, kwa vile hugoma kula wiki ya mwisho, mara nne.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje mahali pa kumshonea mume wake suti kwa vipimo vya miaka minane? Mwenyewe mpaka leo hajui.

Kanisa lao pale Kabiria lilitangaza shukrani ya ndoa, Jumamosi saa nne asubuhi. Waliofikisha miaka ishirini wangeitwa mbele wawili wawili, waombewe. Kitavi, mume wa Nzisa, karani wa mafaili katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu mpole asiyependa kutazamwa, akaandikisha majina yao bila kusukumwa na mtu. Kisha akasema, "Mama Muema, nishonee suti. Watu waone nimeoa fundi."

"Sawa, Baba Muema. Kesho nitakupima."

Kesho ikawa kesho kutwa. Alikuwa na gauni sita juu ya meza, na mteja mmoja wa Karen, Anita, aliyebadilisha mikono ya gauni lake kila alipoota ndoto. Nzisa akirudi nyumbani anakuta chakula kimefunikwa na mume amelala. Akitoka asubuhi, mume yuko bafuni anaimba. Wiki ya tatu akafungua daftari la zamani. Ukurasa wa Kitavi huo hapo: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane. Akakata. Kwani nani amjue kumshinda yeye?

Jumatano asubuhi akamvalisha. Koti lilimning'inia kama joho la kwaya la kuazima. Suruali aliishika kiunoni kwa ngumi, maana akiiachia inashuka magotini.

"Iko sawa," Kitavi akasema.

"Sawa wapi? Unaonekana kama umeiiba!"

"Nitafunga mshipi." Akaivua, akaikunja vizuri, akaenda kazini.

Nzisa akabaki amesimama na pini mdomoni. Huyu mtu amekonda lini, na wanalala kitanda kimoja? Ni ugonjwa? Ni mwanamke? Mwanamume akipata mwanamke wa nje hunenepa ama hukonda? Akawapitia majirani wote kichwani, akapata wa kunenepa na wa kukonda, nusu kwa nusu, akaachana na utafiti huo.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana, msaidizi wake Valarie akachungulia pazia. Valarie alikuwa ameshona hapo miaka miwili.

"Mama, kuna mteja mpya. Amesema atangoja zamu yake. Anaitwa Kitavi."

Miaka miwili, na Valarie hamjui! Nzisa akatoka mbio. Mume wake alikuwa ameketi kwenye benchi katikati ya wasichana wawili, wasimamizi wa harusi, suti ndani ya mfuko, mikono juu ya magoti.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimepanga laini. Nimeona wateja ndio wanapimwa."

Wale wasichana wakaziba midomo. Nzisa hakujua kama acheke au amrushie makasi.

"Umekuja kupimwa ama umekuja kuniaibisha?"

"Hawa wamenitangulia. Endelea tu."

Na kweli akangoja. Zamu yake ilipofika akasimama wima, mikono pembeni, kama mtu wa jeshi. Nzisa akazungusha tepu. Kiuno thelathini na tatu. Akapima tena. Thelathini na tatu.

"Unaumwa na hutaki kusema?"

"Siumwi. Natembea."

"Unatembea wapi?"

"Kutoka mjini mpaka nyumbani. Kila jioni, mwaka sasa. Tangu Muema aende chuo nyumba haina mtu, nitaharakishia nini? Napita hapa chini, naona taa yako, najua uko. Naendelea."

"Mwaka mzima! Na hukupanda hata siku moja?"

"Ningepanda, ungesema ngoja kidogo."

Nzisa akafungua mdomo akatae, na kilichotoka kilikuwa, "Ngoja kidogo," maana simu ilikuwa inalia. Ilikuwa Anita. Akaizima.

"Jumamosi asubuhi niko Karen," akasema. "Nimeahidi kumvalisha bibi harusi."

"Najua. Umebandika ratiba pale ukutani."

"Sasa?"

"Sasa mimi nitakuwa kanisani."

"Umekasirika?"

"Sijui."

"Kama wewe hujui, mimi nitajuaje?"

"Nipime mikono, mama. Watu wanangoja."

Siku hiyo Nzisa alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia mara mbili. Ametukanwa ama ametongozwa? Angepiga kelele angalau, ajibiwe! Ijumaa akafumua suti yote. Kisha akamsimamisha Valarie mbele ya gauni la Anita, lile la vifungo thelathini na viwili mgongoni, akamfundisha kuvifunga kuanzia chini, mpaka vidole vikazoea. Akampigia Anita.

"Valarie atakuvalisha."

"Kwani mimi naolewa mara ngapi?" Anita akafoka.

"Mara moja. Hata mimi."

Akakata simu, halafu akakaa chini. Hiyo ilikuwa akili ama wazimu? Karen yote ingesikia kabla ya jua kutua.

Jumamosi suti ilimkaa Kitavi kifuani na kiunoni, ila upindo wa suruali ulikuwa bado umeshikwa na pini. Mchungaji Obuya akawaita, akawaambia washikane mikono, wafumbe macho. Nzisa akaona bega la kulia la koti limeteremka kidogo. Vidole vikapanda vyenyewe.

"Mama Muema, achana na bega," Kitavi akanong'ona. "Fumba macho."

"Nimefumba."

"Muongo."

Simu ikatetemeka mkobani. Ni kifungo kimekatika? Ni shukrani, ni matusi? Hakuitoa, lakini alihesabu mitetemo yote saba.

"Pigeni magoti," Mchungaji akasema. Kitavi akapiga magoti, na pini ikamwingia. "Aii, Bwana!" akalia, na kanisa zima likaitikia, "Amina!"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nzisa akainama, akamtazama usoni. Machozi yalikuwa yanashuka.

"Unacheka ama unalia?"

"Hata sijui. Imeingia kabisa."

"Usisogee," akasema, na mbele ya waumini wote akapeleka mkono nyuma ya kisigino cha mume wake, akaitafuta ile pini.